WALISEMA NI TIFOIDE: Damu, labo, na njia ya Profesa Muyembe kutoka Yambuku mpaka Beni

Bandugu na badada, finalisti, watu wa stazi, na ninyi wenye mungali mnapigana na kozi za mwaka wa kwanza: leo tuache siasa kidogo. Tuongee damu.

Naanza na yangu mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili wa grade. Homa ilinishika siku nne, kichwa kinagonga, tumbo linauma. Nikaenda kwenye dispansari moja ya kartie. Muuguzi akanitoa damu kidogo, akaichanganya na dawa kwenye kipande cha kioo, akaitikisa, akaangalia. Nusu saa haikuisha, akatoka na karatasi: Widal pozitifu. “Ni tifoide, ndugu yangu.” Mama akauza vitenge viwili vya sikukuu, nikalipa, nikapigwa sindano wiki nzima. Homa ikabaki pale pale. Siku ya nane mjomba akanipeleka kwa munganga mwingine. Huyo akaweka tone la damu chini ya darubini, akaniita niangalie mimi mwenyewe. Ilikuwa malaria.

Najua wengi wenu muna hadithi ya namna hii. Kwetu tifoide imekuwa jina la kila homa yenye hatujajua. Zamani nilidhani ni shida ndogo ya kartie zetu. Kumbe lile neno limesimama mlangoni mwa historia kubwa ya sayansi ya nchi hii, tena mara mbili. Ni historia ya Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum.

Wengi tunamjua kwa jina: mtu wa Ebola, ule mzee tulimuona kwenye televizyo wakati wa Covid. Lakini ukiuliza auditori nzima alifanya nini hasa, majibu yanakuwa mafupi. Kazi yake yote, ukiiangalia vizuri, inazunguka swali moja: damu ya mgonjwa inasema nini, na nani anajua kuisoma?

1. ALAMA KWENYE DAMU

Kwa wale wenye hawasomi udaktari, tuelewane kwanza. Ugonjwa ukiingia mwilini unaacha alama, sawa mwizi mwenye anaacha nyayo kwenye matope. Watu wa labo wanatafuta alama za namna nne.

Ya kwanza ni mdudu mwenyewe: unamuona kwa darubini au unamfuga kwenye chembe hai. Ya pili ni vinasaba vyake: humuoni, lakini unapata maandishi yake, na kipimo cha PCR kinayaongeza mpaka yasomeke. Ya tatu ni kingamwili, yaani wale askari wenye mwili unatengeneza kwa kupigana na mdudu. Ya nne ni uharibifu: ini likiumia, vitu vyake vinamwagika kwenye damu, figo zikichoka, kreatinini inapanda.

Kipimo changu cha dispansari ni cha namna ya tatu. Mfaransa Fernand Widal alikitangaza huko Paris mwaka 1896. Unachukua maji ya damu ya mgonjwa, unayachanganya na bakteria za tifoide; kama askari wako ndani, bakteria zinashikana na kuganda vipande vipande. Ni akili kubwa kwa wakati ule. Shida iko hapa: askari hawarudi nyumbani siku vita inaisha. Ukiwa uliugua tifoide zamani, ukiwa ulichanjwa, hata ukiwa na ugonjwa mwingine kama malaria, kipimo kinaweza kuganda. Kinasema paka hivi: “nimeona askari.” Hakisemi vita ni ya leo ao ya mwaka uliopita.

Mushike hili, juu litarudi mbele.

2. YAMBUKU, 1976

Muyembe alizaliwa mwaka 1942, upande wa Kwilu, Bandundu ya zamani. Alisoma kwa Wajesuiti, akafanya udaktari Lovanium, Kinshasa, kisha doktora ya virusi huko Leuven, Ubelgiji. Alirudi nchini mwanzo wa miaka ya 1970. Mwenyewe amesimulia alichokuta: hakuna labo ya kufanyia kazi ya virusi, hakuna hata panya wa majaribio, na mshahara mdogo. Alifikiria kurudi Ulaya ao kwenda Marekani. Mwisho akaamua kubaki, na kama labo haipo, yeye ataenda kule ugonjwa wenyewe uko.

Finalisti, tusimame hapo kidogo. Ile hesabu yenye wewe unaifanya usiku, ya visa na mshahara, yeye pia aliifanya, na diploma yake mkononi.

Mwezi wa nane 1976, mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Yambuku, huko Equateur, alishikwa na homa. Kwenye lopitali ya misheni wakamdhania malaria, wakampiga sindano. Mwezi wa tisa mwanzoni akafa akitoka damu. Kisha wakafuata waliomzika, kisha waliopita lopitali kwa magonjwa mengine kabisa, hata mama wajawazito. Dokta Ngoi Mushola, munganga wa zone ya Bumba, alikwenda kuona, akaandika dalili moja moja: homa kali, kutapika, kuhara, damu, kifo kwa siku chache. Hiyo ripoti yake ni kati ya maandishi ya kwanza duniani juu ya ule ugonjwa.

Kinshasa ikamtuma Muyembe mwisho wa Septemba. Walichukua ndege mpaka Bumba, kisha gari. Walifika usiku, wakakuta lopitali karibu tupu, watu wamekimbia. Asubuhi habari ikaenea kwamba waganga wametoka Kin na dawa, basi wagonjwa wakaja wengi. Muyembe alifikiria nini? Tifoide. Labda homa ya manjano. Akaanza kutoa damu kwa mikono mitupu, juu glavu hazikuwepo.

Hapo njo aliona kitu chenye hakikuwa kwenye mabuku. Alipotoa sindano, tundu halikufunga. Damu iliendelea kutoka, ikamlowanisha vidole. Kwa mgonjwa wa tifoide haiendi vile. Hiyo nayo ni alama, bandugu, na hakuna mashine iliyomuonyesha. Ni macho ya mtu mwenye alisoma. Akanawa kwa maji na sabuni. Yeye anasema ile sabuni njo ilimwokoa. Akachukua pia vipande vya maini ya maiti tatu kwa sindano ndefu, tena bila kinga.

Baadaye tume ya kimataifa ilipochunguza, ilikuta kwamba asubuhi wauguzi walikuwa wanapewa sindano tano tu kwa siku nzima, wanazisuuza kwenye maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kati ya wale walioambukizwa kwa sindano peke yake, hakuna hata mmoja aliyepona. Wagonjwa walikuwa 318, waliokufa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa lopitali, 11 walikufa. Tusiwahukumu haraka wale masera na wauguzi: walikuwa wanafanya kazi ya huruma na vifaa vya umaskini.

3. TERMOSI

Muyembe alimwomba masera mmoja mgonjwa akubali kwenda naye Kinshasa. Masera akafia kwenye kliniki ya Ngaliema. Muuguzi kijana aliyemhudumia, Mayinga N'Seka, naye akafa. Jina lake liko mpaka leo kwenye labo za dunia nzima: aina ya virusi vya Ebola yenye wanaitumia kulinganisha zingine inaitwa Mayinga. Wengi wanaitamka kila siku bila kujua ni dada wa Kinshasa.

Damu iliwekwa kwenye termosi, ile ya chai, na barafu ndani. Ikapanda ndege ya abiria mpaka Antwerpen, Ubelgiji, kwenye labo ya magonjwa ya tropiki. Kijana Peter Piot na wenzake walipoifungua, barafu ilikuwa imeyeyuka na chupa moja imevunjika. Nyingine ilikuwa nzima. Kutoka hapo damu ikaenda Uingereza na Atlanta, Marekani. Kwa darubini ya elektroni wakaona uzi mrefu wenye kujikunja, unafanana na virusi vya Marburg vyenye vilijulikana tangu 1967.

Sasa angalieni kazi ya alama. Picha peke yake ilidanganya kidogo: kwa macho ni Marburg. Lakini walipochukua kingamwili za Marburg na kuziweka pamoja na ule uzi, hazikushikana. Askari hawakumtambua adui. Basi ni kitu kipya. Wakakipa jina la mto mmoja wa upande ule, Ebola.

Majina yaliyoingia kwenye mabuku ni ya waliokuwa na darubini. Jina la aliyetumbukiza mikono kwenye damu lilibaki pembeni miaka mingi. Mimi siwezi kusema mtu mmoja alivumbua Ebola. Ilikuwa mnyororo wa watu, na Ngoi Mushola na Mayinga wako ndani. Lakini mnyororo wenye unahesabu paka pete za mwisho si wa haki. Piot mwenyewe baadaye alikubali kwamba nafasi ya Muyembe haikusemwa vya kutosha.

Kuna jambo lingine. Mwezi wa kumi na moja 1976, mfanyakazi mmoja wa labo Uingereza alijichoma na sindano yenye ile virusi. Alipewa dawa pamoja na seramu kutoka kwa watu wa Yambuku waliopona. Akapona. Hatuwezi kuapa kwamba ni seramu ilimponya. Lakini fikirini: watu wa Yambuku walitoa damu ikavuka bahari kwenda kusaidia mtu wa labo ya Uingereza.

4. KIKWIT, 1995

Miaka karibu 20 ikapita. Mwaka 1984 INRB ilianzishwa Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Lakini pesa hazikuwepo, na mashine za kutambua Ebola pia hazikuwepo.

Mwezi wa kwanza 1995, mchoma makaa mmoja wa karibu na Kikwit alikufa, yeye na watu wa nyumba yake. Ugonjwa ukatembea polepole miezi mitatu bila jina. Wengine waliita kuhara damu. Mwezi wa nne, fundi wa labo wa lopitali ya uzazi akaugua, homa na tumbo gumu. Wakasema... mumeshajua. Tifoide, imetoboa utumbo. Wakampasua.

Walioshika kisu, waliosafisha, waliomuuguza, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Muyembe aliitwa. Alipoangalia orodha ya waliokufa, na jinsi walivyofuatana kutoka chumba cha upasuaji, kumbukumbu ya Yambuku ikarudi. Damu ikabidi isafiri tena, ipitie Ubelgiji mpaka Atlanta. Jibu likarudi mwezi wa tano: Ebola. Wagonjwa wote walikuwa 315, karibu wanane kwa kila kumi walikufa, na karibu 80 kati ya wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa afya.

Hesabuni wenyewe: kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa tano. Ile miezi minne iliuawa na nini? Kukosa jina. Virusi havikuwa vya ajabu zaidi kuliko vya 1976. Kilichokosekana ni kipimo kimoja, mahali penyewe, siku yenyewe.

5. DAMU YA ALIYEPONA

Hapo Kikwit, Muyembe na wenzake walifanya kitu chenye watu wengi walikikosoa. Walichukua damu ya waliopona, wakaipima isiwe na magonjwa mengine, wakaiweka kwa wagonjwa wanane. Saba walipona.

Wakosoaji walisema, tena kwa haki: wanane ni wachache, walipewa wakati mlipuko unaelekea mwisho na huduma imeshakuwa nzuri, hakukuwa na kundi la kulinganisha. Muyembe hakukataa kwamba ushahidi ulikuwa mdogo. Ila hakuacha lile wazo. Na hapa njo naomba mukumbuke ile shida ya Widal: askari hawarudi nyumbani vita ikiisha. Kwa Widal hiyo ni kasoro. Kwa Muyembe ikawa hazina.

Mwaka 2006, yaani miaka 11 baada ya Kikwit, mmoja wa wale waliopona alitoa damu kwa utafiti wa pamoja wa Muyembe na watu wa NIH, Marekani. Askari walikuwa bado mule. Wakatafuta chembe zenye zinawatengeneza, wakawapima mmoja mmoja, wakachagua aliye hodari. Wakampa jina mAb114. Kwa nyani wa majaribio aliwaokoa hata alipopewa siku kadhaa baada ya kuambukizwa; matokeo yakatangazwa mwaka 2016.

Ndugu zangu, dawa hiyo iko na mizizi kwenye mkono wa mtu wa Kikwit. Leo inaitwa Ebanga, ilikubaliwa Marekani mwezi wa kumi na mbili 2020.

6. BENI, NA NAMBA YENYE INAITWA Ct

Sasa tufike kwetu Mashariki. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola Kivu ya Kaskazini. Safari hii damu haikuvuka bahari. Ilitoka Mangina ikaenda INRB Kinshasa, jibu likatoka kule kule. Kwa kweli tulikuwa bado tumechelewa, watu walikuwa wanakufa wiki nyingi mbele ya tangazo. Lakini kisha mashine za GeneXpert zikaletwa huku huku, Beni na miji mingine, na majibu yakaanza kutoka kwa saa chache. Kipimo chenyewe kinachukua muda usiofika saa mbili.

Wengi wetu tunakumbuka ule wakati vibaya. Vita, vitisho, na maneno ya “Ebola biashara”. Watu waliuliza: kwa nini ndugu yangu jana walisema hana, leo wanasema anayo? Swali hilo lilistahili jibu, na mara nyingi halikujibiwa vizuri. Jibu ni hili: siku za kwanza za homa virusi bado ni vichache kwenye damu, kipimo kinaweza kukosa kuviona. Njo maana mtu mwenye dalili anapimwa tena baada ya saa 72. Hakuna uongo hapo, ila kumuachia mtu bila kumuelezea ni kosa, na lile kosa lilitugharimu.

PCR inatoa pia namba, Ct. Mashine inaongeza vinasaba kwa mizunguko, kila muzunguko unazidisha mara mbili. Ct ni muzunguko wenye mashine inasema “sasa naona”. Kama virusi ni vingi, inaona mapema, namba inakuwa ndogo. Kama ni vichache, inachelewa, namba inakuwa kubwa. Kwa hiyo tofauti ya mizunguko 10 ni virusi karibu mara elfu moja. Kwa Ct, ndogo njo mbaya.

Kuanzia Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, INRB na NIH walifanya jaribio la PALM katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Walilinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681, katikati ya risasi. Muyembe alikuwa kiongozi kwa upande wetu, na mwandishi wa kwanza wa matokeo ni Mkongomani wa INRB, Dokta Sabue Mulangu. Ndani ya siku 28, kati ya waliopewa dawa ya zamani ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Kwa mAb114 walikuwa 35 kwa mia, na kwa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, karibu 34 kwa mia.

Lakini ukigawanya kwa Ct, njo unaona kitu. Wale walioingia na virusi vichache (Ct juu ya 22) wakapewa mAb114, waliokufa walikuwa karibu 10 kwa mia. Wale walioingia na virusi vingi (Ct 22 ao chini), karibu 70 kwa mia, na dawa ni ile ile. Kila siku mgonjwa alichelewa nyumbani iliongeza hatari. Wale ambao kreatinini na alama za ini zilikuwa juu, nao walikufa zaidi.

Maana yake nini kwa lugha ya nyumbani? Dawa iliyotoka Kikwit inaokoa, lakini inaokoa mwenye amejulikana mapema. Kipimo cha siku ya pili kina thamani sawa na dawa yenyewe. Mtu mwenye anachelewa juu walimwambia “ni tifoide, meza hizi vidonge wiki moja”, anafika kituoni na Ct ya 17, na hapo hata mAb114 inashindwa mara nyingi.

Ule mlipuko uliisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Walikuwa majirani zetu na wanafunzi wenzetu.

7. DAMU IBAKI WAPI?

Muyembe anaongoza INRB tangu 1998. Mwaka 2019 alitoa uamuzi wenye kwangu unalingana na ugunduzi: damu ya mlipuko wa Mashariki ibaki Kongo. Mtafiti wa nje akitaka kuichunguza, karibu, aje, afanye kazi na Wakongomani. Mtu mwenye mwaka 1976 aliona termosi inaondoka na jina lake linabaki nyuma, alikuwa na haki ya kusema vile.

Wengine wanauliza: si ni fahari tu? Jibu liko kwenye kazi. Timu ya vijana wa INRB, kina Placide Mbala na Steve Ahuka, walisoma vinasaba vya virusi hapa hapa nchini, mlipuko ukiendelea, mpaka Katwa. Kwa kusoma maandishi ya virusi waliweza kusema huyu aliambukizwa na mnyororo gani. Njo walionyesha kwamba mgonjwa mmoja aliyepona aliugua tena baada ya miezi karibu sita, na kutoka kwake ukaanza mnyororo wa wagonjwa 91. Dunia ilikuwa haijajua vizuri kwamba hilo linawezekana kwa kiasi kile. Kama damu ingesubiri ndege, jibu lingekuja wakati wa mazishi. Na mwezi wa tisa 2025, Ebola ilipotokea Bulape, Kasai, INRB njo ilitoa jibu.

Tuseme na upande wa pili, juu si sifa tu. Dawa mbili za PALM zilijaribiwa kwa miili ya watu wetu, lakini sehemu kubwa iliwekwa kwenye akiba ya Marekani, na Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika wazi kwamba wagonjwa wa Afrika hawazipati inavyopaswa. Na INRB yenyewe inasimama sana kwa pesa za wafadhili. Jengo lake jipya la Kinshasa lilijengwa kwa msaada wa Japani. Kuweka damu nyumbani ni jambo moja. Kulipa umeme wa friji yenye inailinda ni jambo lingine, na hilo ni deni letu, si la mzee mmoja.

8. NA SISI?

Tangu Yambuku mpaka Beni ni miaka 42. Njia ya damu imefupika: kwanza Antwerpen na Atlanta, kisha Kinshasa, kisha Beni kwenyewe. Lakini pale kartie, kwa dispansari yenye mama yangu aliuzia vitenge vyake, njia bado haijafika. Pale bado kuna kipande cha kioo, matone mawili, na neno lile lile.

Sitaki mutoke hapa mukichukia wauguzi. Yule wa kwangu alitumia kipimo alichokuwa nacho, na foleni ilikuwa ndefu. Nataka tutoke na tabia moja, ile ya Muyembe pale Yambuku: tundu la sindano halikufunga, naye hakulazimisha likubaliane na tifoide ya kichwani mwake. Alikubali kwamba wazo lake la kwanza linaweza kuwa la uongo, akachukua damu, akatafuta jibu. Hiyo haihitaji GeneXpert.

Wewe wa labo: ukitoa karatasi ya Widal, andika wazi kwamba peke yake haitoshi, na usiache kupima malaria. Wewe wa sosyolojia na mawasiliano: Beni ilitufundisha kwamba kipimo kisichoelezewa kinazaa mawe. Wewe wa sheria: mikataba ya damu na faida zake inahitaji watu wenye wanaisoma mbele ya kutia sahihi. Wewe wa uchumi: nani atalipa umeme wa friji? Na wewe mwenye unatafuta kichwa cha memwari na hujakipata, nenda lopitali ya karibu, uliza kwa unyenyekevu: kati ya wote tuliowaita tifoide mwaka huu, wangapi walikuwa nayo kweli?

Mama yangu mpaka leo ananiuliza vile vitenge vilikwenda wapi. Namwambia vilinunua somo. Ananicheka, anasema somo la bei vile, basi ulitumie.